Mbuzi wa Juni

Kambini, 12 Februari 2025

Mutanu mwendwa,

Huku barua haichukuliwi bure. Sajini anasimama mbele ya gwaride na bahasha mkononi, anasoma jina, na akiona mwandiko ni wa msichana, mwenye barua anapiga pushapu mpaka sajini achoke kutazama. Yako ya mwisho wa Januari niliipata kwa jasho. Nikaenda nayo nyuma ya jiko, nikaifungua, nikakuta mistari minne. Uko sawa, masomo yako sawa, na niache kukuuliza maswali ya kitoto. Hata jina langu hukuliandika.

Nimeisoma mara nyingi nikitafuta kosa langu. Kama simu zetu hazingechukuliwa langoni siku ile tuliyoripoti, ningekupigia na kukuuliza. Sasa nauliza kwa kalamu, na jibu nitalipata nikiwa nimeshasahau nilivyouliza. Mafunzo ya askari wa wanyamapori ni magumu, lakini kukimbia na gunia la mchanga mgongoni si kitu. Kigumu ni jioni, makurutu wenzangu wakianza kuimba na mimi nikakumbuka ulivyokuwa ukinigeukia kwenye kwaya kila nilipokosea sauti. Hapo natamani niwe Machakos, hata kama ni kukukuta umenuna.

Baba mdogo Aloys ameandika kutoka Ekalakala. Mbuzi wa ntheo ameshawachagua na anawatazama kila jioni utadhani ni yeye anayeoa. Nikimaliza hapa mwezi wa Juni, wazee watawapeleka kwenu Kalama, na kuanzia siku hiyo hakuna atakayesema wewe si mke wangu. Niambie tu kama kuna jambo.

Wako,
Ngui


Machakos, 18 Februari 2025

Ngui wangu,

Hakuna jambo. Barua yako nimeisoma kitandani, Khadija wa kitanda cha pili akaninyang'anya ili aone kilichonichekesha, na sasa yeye pia anajua habari za sajini. Anasema ukirudi na mikono minene nisilalamike.

Ile barua ya Januari nisamehe. Nilikuwa wodi ya wazazi wiki nzima, miguu imevimba, na matroni wetu ni wa wale wanaotazama saa kabla hawajakutazama uso. Uchovu tu. Kwa sisi wanafunzi wa uuguzi, ukisema unaumwa unaandikiwa siku za kufidia wakati wa likizo, kwa hivyo hakuna anayeumwa. Hapa hosteli msichana akiamka na uso wa kufunga duka, tunaulizana hali ya hewa ikoje leo, tunacheka, tunavaa kofia, tunaenda kazini. Tumbo limejaa, matiti yanauma hata ukiguswa na shati, na bado unamwambia mgonjwa habari ya asubuhi mama. Usijali habari hizo, ni mambo ya wanawake, hata sijui kwa nini nakuandikia.

Nakumbuka sauti yako. Jana kuna mtu alikohoa kule kwenye foleni ya dawa kama unavyokohoa wewe, nikageuka na sinia mkononi, nikamwaga pamba zote. Nimetuma salamu kwa mama, mwaitu wangu, kwamba atusagie mahindi mapema na atafute mtu wa kukoboa muthokoi wa wageni wa Juni. Amefurahi mno. Baba amenyamaza, lakini unajua akinyamaza hivyo ameridhika.

Ukiandika tena, andika mambo mengi. Hata ya gunia la mchanga.

Wako,
Mutanu


Machakos, 27 Februari 2025

Ngui,

Nimefikiri na nimeona heri niseme mapema. Usilete mbuzi. Waambie wazee wenu wasijisumbue kuja Kalama.

Sioni sababu ya kuolewa na mtu ambaye hata sauti yake sijaisikia tangu mwaka uanze. Utakuwa porini na bunduki, mimi nitakuwa hapa nikifua mashuka ya watu, na tutaita hayo maisha. Uuguzi wenyewe pia nimechoka nao. Leo nimefokewa mbele ya mgonjwa, nikalia chooni, na sikumkumbuka mtu yeyote wa kumwambia. Wewe hukunijia akilini kabisa.

Huna kosa. Usiandike kuuliza. Sikutaki tu.

Mutanu


Machakos, 4 Machi 2025

Ngui wangu,

Kama ile barua nyingine haijafika, ikifika ichome bila kuifungua. Kama umeshaifungua, nakuomba usome hii mpaka mwisho kabla hujaamua lolote.

Siku niliyoandika ile, niliipeleka posta mwenyewe, mbiombio, utadhani mtu atanizuia. Baada ya hapo nililala na nguo za wodi. Siku mbili tatu hivi zikapita, nikaamka asubuhi nikiwa kwenye siku zangu, na ule uzito haukuwepo. Nilikaa kitandani nikasikia Khadija anaimba bafuni na wimbo wenyewe ukanipendeza, halafu nikakumbuka nilichokuandikia. Nilikimbia hadi posta na ndara. Yule mama wa dirishani akasema mfuko umeshaondoka, na hata ungekuwepo, barua ikishaingia si yangu tena.

Nilirudi nikalia, na Khadija akaniuliza kwa upole kama nimegundua kwamba mwezi uliopita ilikuwa hivyohivyo, na mwezi wa kabla yake. Yeye tunalala chumba kimoja, ameona. Alisema kila zinapokaribia siku zangu namrudishia vitu vyake alivyoniazima, hata kanga niliyoivaa mwaka mzima, na kumwambia tusizoeane. Zikianza siku zangu naenda kuomba kanga tena. Nikamwambia mimi ni mtu wa hasira tu, nimemfuata shangazi yangu. Ndipo akaniambia neno ambalo limenikaa.

"Mutanu, hii kitu uliandika kwa mtihani. Ulipata alama zote."

Ni kweli, Ngui. Tulifundishwa. Mwanamke anaweza kuwa na hali hii kabla ya hedhi, mwili na moyo pamoja: kuvimba, maumivu, hasira, huzuni, kulia bila sababu, kujiona hafai, na hedhi ikianza inamwachia. Niliikariri, nikaiandika, na wiki iliyofuata nikamweleza mama mmoja kliniki mpaka akanishukuru. Ila mimi niliikariri kama ugonjwa wa wagonjwa. Aliyevaa sare nyeupe anaandika dalili za watu wengine, na zake anaziita tabia mbaya.

Nakutaka. Nilikutaka hata siku ile, ila sikuweza kuliona hilo. Waache wazee waje Juni.

Wako kabisa,
Mutanu


Kambini, 7 Machi 2025

Mutanu,

Barua yako ya tarehe ishirini na saba imefika. Sajini aliona mwandiko, akacheka, nikapiga pushapu zangu kama kawaida na wenzangu wakinihesabia kwa sauti. Nilikuwa nacheka nao. Halafu nikaenda kuisoma.

Umesema nisiulize, siulizi. Mimi si mtu wa kumbembeleza msichana mpaka akubali kwa kuchoka. Nimemwandikia Baba mdogo leo hii kwamba mbuzi wasiende, na awaambie wazee wa kwenu kwa heshima kwamba kosa si la mtu.

Nakuombea umalize masomo yako. Usiache uuguzi, unaujua.

Ngui


Kambini, 17 Machi 2025

Mutanu,

Sasa barua yako ya tarehe nne imefika, imechelewa huko njiani, na mimi sijui nianzie wapi. Nimefurahi. Hilo niliseme kwanza. Nilipofika pale pa Khadija na kanga nilicheka peke yangu mpaka jirani yangu wa kitanda akauliza kama ni barua ileile.

Lakini Baba mdogo ana haraka kuliko posta. Alipopata ujumbe wangu alimchukua mzee Musili, wakaenda kwenu Kalama siku ya pili yake, wakamwambia baba yako kwamba mbuzi hawaji. Najua umeshasikia. Neno likishapelekwa na wazee siwezi kulirudisha kwa barua, wewe unajua hivyo kuliko mimi. Lazima wakae tena.

Na kuna hili, ambalo nakuuliza kwa sababu nakupenda na si kwa ubishi. Ukiandika unanipenda, unasema ni wewe. Ukiandika hunitaki, unasema ni hali. Mimi nitajuaje? Je, kama kinyume chake ndicho kweli, na zile siku mbaya ndizo unazosema lililo moyoni, na siku nyingine unanihurumia? Nitakuwa kazini porini, Mutanu, miezi mingine sitafika nyumbani. Nataka kujua nimemwacha nani kule. Usiku nakuota na mchana nakuogopa.

Ngui


Machakos, 2 Aprili 2025

Ngui wangu,

Wiki iliyopita sikukuandikia kwa makusudi. Ilikuwa ile wiki. Nilimpa Khadija kalamu zangu zote akaenda nazo darasani.

Nilikwenda nyumbani Jumapili. Baba haniongeleshi. Anasema wazee wa Ekalakala walikuja kumvunjia heshima kwenye boma lake, wakakaa kwenye viti vyake, wakanywa chai yake, halafu wakasema binti yake ameachwa. Nilimwambia hawakuniacha, ni mimi niliyekataa kwanza. Hapo ndipo alipokasirika kweli. Akaniuliza nilimkataa kwa kosa gani. Ningemwambiaje baba yangu habari za hedhi? Sijawahi hata kuanika nguo zangu za ndani mahali atakapopita.

Wamekubali kukaa tena Jumatatu ya Pasaka, wenu na wetu, na mimi nitaitwa niulizwe mbele yao. Mwaitu ameshatengeneza jibu. Anasema niseme nilikuwa na malaria, ilipanda kichwani, sikujua ninachoandika. Kila mtu ataelewa, kila mtu ameshaona mtu wa malaria akiongea ovyo. Ni uongo mzuri, Ngui, na nimelala nao siku kadhaa. Halafu nikafikiri: mwezi wa Julai nitakuwa mke wa mtu, nikianza tena, nitasema nini? Malaria gani hii ya kila mwezi?

Nimemwona daktari wa kike pale kliniki. Hakunicheka. Ameniambia nipunguze chumvi na chai, nitembee, nilale, niandike siku zangu ili nisishtukizwe, na hali ikinizidi kuna dawa. Amesema wanafunzi wengi wa uuguzi wanaipata na ni wachache wanaofika kwake, kwa sababu ya zile siku za kufidia. Huenda ikapungua. Hakusema itaisha.

Swali lako limeniuma na ni la haki. Jibu lake ni kwamba sijui. Nikiwa ndani yake ninaamini kila neno ninaloandika. Sidanganyi siku ile na sidanganyi leo. Ninachokijua ni kwamba leo nimetoka wodini jua likiwa bado juu ya vilima, nikataka uwe unaningoja nje ya lango umesimama vile unavyosimama na mikono nyuma, na nilivyokukosa nilihisi njaa.

Niombee Jumatatu ile.

Mutanu


Ekalakala, 22 Aprili 2025

Kwa mwanangu Ngui,

Mimi baba yako mdogo sijambo, ila magoti. Mama yako anakusalimu. Mbuzi pia hawajambo, na mmoja amenenepa mpaka jirani ananiuliza kama namfuga au namwoza.

Jana tulikuwa Kalama. Tulikwenda mimi na Musili, na kwao alikuwa baba ya msichana, mzee Ndolo, na ndugu zake wawili. Tulikaribishwa vizuri lakini kwa ubaridi, chai haikuwa na maziwa ya kutosha. Ndolo akaeleza lake, nikaeleza letu, tukavutana kidogo kama inavyotakiwa. Halafu msichana akaitwa. Mama yake Mbithe alikaa mlangoni, na nikamwona anamkonyeza bintiye kama mtu anayemkumbusha jambo.

Ndolo akauliza, ulimkataa kijana wa watu kwa nini? Msichana alisimama akamtazama baba yake. Mwanangu, nimekaa kwenye vikao vingi vya ntheo na sijawahi kusikia nilichosikia jana.

"Baba, kila mwezi kabla siku zangu zifike, niko na ugonjwa. Roho inaingia giza, naona kila mtu ananichukia, na mimi nawachukia. Siku zangu zikianza, inaisha. Hiyo barua niliandika kwa hizo siku. Si malaria."

Hakuna mzee aliyejua aweke macho wapi. Musili alikohoa mpaka akapewa maji. Ndolo alikuwa anatazama fimbo yake. Nikadhani sasa kikao kimevunjika, na nilikuwa nimeshashika kofia. Ndipo Mbithe akasema kule mlangoni, bila kupandisha sauti, kwamba hata yeye.

Ndolo akageuka. Akamuuliza, hata wewe nini? Mbithe akasema hata yeye alikuwa hivyo, tangu msichana mpaka alipokoma kuzaa, na ndizo zile siku alizokuwa akifunga mizigo kurudi kwao Kithyoko na Ndolo akimfuata na baiskeli. Hakuwahi kujua ina jina. Alikuwa akimwambia ni malaria. Basi mimi naapa yule mzee alikuwa anapiga hesabu ya malaria zote za maisha yake.

Nikaona nisaidie. Nikasema kama mwanamke wa hasira anakataliwa, basi mbuzi wa Ukambani wote wangekuwa bado zizini. Wakacheka, hata Ndolo, na chai iliyofuata ilikuwa na maziwa. Lakini yule si mzee wa kuchezewa. Alisema bintiye amemjibu leo akiwa mzima, na jibu hilo ni zuri, ila yeye halitaki peke yake. Alisema, "Ya siku mzuri tumesikia. Sasa aandike kwa hiyo wiki yake mbaya, aandikie huyo kijana mwenyewe. Kama hata huko atasema waje, walete. Akikataa, tusisumbuane tena."

Tumekubaliana hivyo. Mimi naona ni haki, lakini sikufichi, nimerudi na wasiwasi. Msichana mwenyewe alipotusindikiza aliniambia wiki hiyo ndiyo imeanza kuingia, na kwamba haogopi wazee, anajiogopa yeye. Nimempenda. Hawa mbuzi nitaendelea kuwalisha mpaka uniambie alichoandika.

Baba yako mdogo,
Aloys


Machakos, 25 Aprili 2025

Ngui,

Sikutaka kuandika. Khadija ameniwekea kalamu mezani na kwenda kuswali, na nimekaa mbele ya karatasi nikiichukia. Nguo zinanibana. Kichwa kinauma. Asubuhi nimemjibu mgonjwa vibaya na nikaambiwa mimi sifai, na naamini ni kweli, sifai.

Baba yangu alitaka jibu la wiki hii. Basi ni hili. Nimejaribu tangu jana kukukumbuka na sioni kitu. Nimeisoma barua yako ya Februari, ile iliyonichekesha, na leo naona ni ya mtu anayejisifu. Ungekuwa hapa ungeniudhi kwa kupumua tu. Najua nilikueleza kwamba hii ni hali na itapita, lakini huku ndani haionekani kama hali. Inaonekana kama ukweli, na yale mengine yote yanaonekana kama ndoto ya msichana mjinga.

Kwa hivyo sitakuandikia kwamba nakupenda, kwa sababu leo ningekuwa nakudanganya, na uliniuliza umemwacha nani huku. Ni huyu pia. Utamkuta baadhi ya siku ukirudi kutoka porini umechoka, amekaa jikoni na uso umefungwa, amefunga mizigo, na hatakuwa na neno jema hata moja la kukupa. Nakuonyesha sasa ili usije ukasema hukumwona.

Jumatatu kuna Mutanu mwingine aliyesimama mbele ya wazee akaona haya, na hakukaa chini. Simwelewi leo. Sijui alikuwa anaona nini. Lakini alikuwa na akili timamu kuliko mimi, na nimeamua kumwamini yeye.

Leo sikupendi, Ngui. Waambie walete mbuzi.

Mutanu